Kocha Pimbi na Makombe ya Kiboko

— Nimerusha!
— Tumedaka!
— Mmedaka nini?
— Kisa!
— Kina miguu?
— Kina minne!
— Basi kifuateni, kisiwaache.

Sogeeni. Wewe Mwanjaa, mwachie mwenzio mkeka. Kisa hiki kina mahali pa kucheka, na mahali pa kucheka pakiisha mtajua wenyewe, sitawaambia.

Zamani, wanyama walipokuwa na vyuo vyao, palikuwa na chuo kimoja kando ya mto. Kiliitwa Chuo cha Matopeni. Mkuu wa chuo hicho alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa. Alikuwa mkubwa wa mwili, mkubwa wa mdomo na mkubwa wa kutaka. Akiona majani, yangu. Akiona kivuli, changu. Akisikia mtu anasifiwa, hata kama hajui anasifiwa nini, alitoa kichwa majini akasema, "Ahsanteni, ahsanteni."

Chuo kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu, na timu yenyewe ilikuwa ya kufungwa. Ilifungwa nyumbani, ilifungwa ugenini. Ilifungwa hata siku ile wapinzani walipochelewa wakacheza wanne. Kocha wao Nyati alivumilia, alivumilia, mpaka walipofungwa na kobe. Kobe, jamani! Nyati akaingia kichakani na hajatoka mpaka leo.

Kiboko akatangaza: "Nataka kocha. Atakayeutia mpira kwenye kikapu mbele yangu, mara moja tu, bila kukosa, huyo ndiye."

Kikapu kilitundikwa juu ya mti wa mgunga. Akaja Kifaru, akarusha, puu! Ukapiga shina. Akaja Ngiri, akarusha, fyuu! Ukaangukia mtoni. Akaja Nyumbu, akasahau alichojia, akarudi.

Halafu akaja Pimbi.

Pimbi mnamjua. Kanyama kadogo, hakana mkia, kanakaa kwenye mawe. Huyu alikaa kwenye mawe ya nyuma ya uwanja. Alikuwa amesoma chuoni hapo miaka minne, na kila mwaka aliuliza, "Nicheze?" Na kila mwaka alijibiwa, "Wewe kalete maji." Basi akaleta maji. Na alipokwisha kuleta maji alikaa juu ya jiwe akatazama. Alijua nani huchoka wa kwanza. Alijua nani hutazama miguu yake kabla ya kutoa pasi. Miaka minne ya kutazama, wenzangu, si michache.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Umeleta maji?"

"Sikuleta maji. Nimekuja kutia mpira."

Kiboko akacheka, hwa! hwa! hwa! Mto ukapanda ukingoni.

"Haya, tia."

"Nitatia, Mkuu. Ila kuna neno linanikera. Fisi anapita akisema kikapu hiki ni kikubwa kuliko mdomo wako."

Kiboko akaacha kucheka. "Nani kasema?"

"Fisi. Mimi nilibisha sana."

"Kishusheni hicho kikapu! Kileteni hapa!"

Ngedere wakapanda, wakakifungua, wakakishusha, wakakiweka chini mbele ya Kiboko. Kiboko akafumbua mdomo, aaaaa! Akapima. Mdomo ulikuwa mkubwa zaidi. Akafumba macho kwa raha, mdomo bado wazi, ili wote waone. Pimbi akasogea na mpira wake, tiki, tiki, tiki, akautia kikapuni. Chwaa!

Kiboko akafumbua macho. "Umefanya nini?"

"Nimetia mpira, Mkuu."

"Kikapu kilitakiwa kiwe juu!"

"Hukusema kiwe juu. Ulisema mbele yako. Hicho hapo mbele yako."

Wote walikuwa wamesikia. Kiboko akafura, akapumua, akazama. Pimbi akawa kocha.

Sasa msidhani Pimbi alichagua wakubwa. Alichagua wale waliozoea kungoja. Alimchukua Kanga, kwa sababu Kanga haachi kutazama nyuma. Alimchukua Ngedere, na Mbuni, na Nungunungu ambaye hakuna aliyetaka kumkaba karibu. Wa tano alikuwa Swala mmoja, msichana, jina lake Semeni.

Huyu Semeni, Pimbi alimfuata kwao yeye mwenyewe, mwendo wa siku nzima kwa miguu mifupi. Mama yake Semeni alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kocha, sisi swala hatuna meno. Sisi wanawake hata pembe hatuna. Tuna miguu tu."

"Najua, mama."

"Nimekwambia ujue."

"Nitamtunza, mama. Atarudi kwako vilevile."

Mama Swala akamwachia.

Kila asubuhi Pimbi alipanda juu ya jiwe lake akapiga kelele, "Tazama!" Nao wakatazama. "Pasia!" Nao wakapasiana. "Ondoka!" Nao wakaondoka. Tazama! Pasia! Ondoka! Du, du, du, chwaa! Mpaka jua likawa kali. Msiniulize kwato zinadakaje mpira, mimi sikuwepo.

Fainali ya mwaka wa kwanza walikutana na Chuo cha Ng'ambo. Ng'ambo walikuwa tembo watano. Watano! Walisimama chini ya kikapu chao kama ukuta wa ngome. Kanga akatetemeka, "Kocha, tutapita wapi?"

"Hatupiti," akasema Pimbi. "Tembo ana nguvu, lakini kugeuka kwake ni safari. Tutawageuza."

Basi wakawageuza. Tembo wakigeuka huku, pasi kule. Tembo wakigeuka kule, pasi huku. Huku, kule, huku, kule, mpaka tembo wawili wakashikana mikonga kwa kizunguzungu, na mwingine akakaa chini akaomba maji. Semeni akaruka juu yao wote. Chwaa! Matopeni wakatwaa kombe.

Kiboko akatoka mtoni akaja mbio.

"Kombe la nani hili?"

"La chuo, Mkuu," akasema Pimbi.

"Na chuo ni nani?"

"Ni wewe, Mkuu."

Kiboko akalibeba kombe mdomoni, akaingia nalo majini, bwaam! Kisha akarudi, akala majani yote yaliyoandaliwa kwa karamu ya timu. Wachezaji wakala yale aliyoyakanyaga.

Mwaka wa pili, kombe. La nani? La chuo. Na chuo ni nani? Ni wewe, Mkuu. Bwaam!

Mwaka wa tatu wakakosa kwa pointi moja. Pimbi hakula siku nne. Mkewe, Bi Pimbi, akamwambia, "Mume wangu, nyumbani unaleta miguu tu. Kichwa unakiacha uwanjani." Pimbi akasema, "Pointi moja, mke wangu. Moja." Bi Pimbi akakiondoa chakula. Alikuwa amekwisha kuona kitu machoni mwa mumewe ambacho hapo kwanza alikiona kwa Kiboko tu.

Mwaka wa nne ulikuwa wa mwisho kwa Semeni kusoma. Siku mbili kabla ya fainali, akikimbia mazoezini, aliingiza mguu kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mchimba mchwa. Hakulia. Alimaliza mazoezi, akamngoja Pimbi ashuke jiweni.

"Kocha, mguu unawaka."

Pimbi akautazama. Yeye alijua kutazama kuliko wote. Aliuona uvimbe, akauona mfupa ulipokaa vibaya, akajua. Hapa Kiboko hakusema neno. Nataka mlijue hilo. Kiboko alikuwa majini amelala, hakujua hata kama Semeni ana mguu. Hakuna aliyemlazimisha Pimbi.

"Nina dawa ya bibi yangu," akasema Pimbi. "Ukipaka, huumwi."

Akashuka mtoni, akachota tope, akalichanganya na majani aliyoyaokota njiani, yoyote tu, akarudi akampaka. Alimpaka kwa upole sana. Alipuliza, fuu, fuu, ili likauke.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

Semeni akakanyaga chini. Alimwamini, ndiyo sababu akasema, "Afadhali, Kocha. Limepoa."

Siku ya fainali alikaa benchi vipindi vitatu. Kipindi cha nne Matopeni walikuwa nyuma kwa pointi moja. Pointi moja! Pimbi akageukia benchi. Semeni alikuwa amekwisha kusimama.

Akaingia. Tazama, pasia, ondoka. Du, du, du. Akaruka. Alining'inia juu pale, wanasema, mpaka watu wakapata muda wa kuvuta pumzi. Chwaa! Halafu akatua.

Kwa!

Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele. Hakuna aliyesikia. Pimbi alisikia.

Kiboko akaja mbio. "Kombe la nani hili?" Mara hii Pimbi alijibu bila kugeuza kichwa, na wala hakumbuki alijibu nini.

Mguu ulipona, ila ulipona umepinda. Semeni alirudi kwao na cheti chake, akichechemea, akicheka na kila aliyempongeza njiani. Miezi ikapita. Kiangazi kikaja, majani yakaisha, kundi la swala likahama kufuata maji. Asubuhi moja, wakiwa wanashuka mtoni kunywa, Chui akatoka kwenye matete. Swala wote wakakimbia. Semeni naye akakimbia.

Usiniulize, Mwanjaa. Umeshajua.

Baada ya siku tatu Mama Swala alikuja chuoni. Pimbi alimwona akiwa mbali, akashuka jiweni, akasimama uwanjani amngoje. Alikuwa ameandaa maneno mengi. Alikuwa fundi wa maneno, Pimbi.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Kocha, nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ile dawa uliyompaka mwanangu, ni ya mti gani?"

Pimbi akatazama upande wa mto.

"Aliniambia ilimpoza. Alikuwa akiisifia nyumbani, dawa ya Kocha, dawa ya Kocha. Nina wengine wadogo. Nilitaka nijue mti wake, nikae nao nyumbani."

Wenzangu, Pimbi angeweza kutaja mti. Miti iko mingi. Angetaja mmoja, mama akaenda zake, mambo yakaisha. Mdomo wake ulikwisha kufunguka autaje.

"Hakuna mti," akasema. "Lilikuwa tope, mama."

"Tope?"

"Tope la hapa mtoni."

Mama Swala akamtazama. Hakumtukana. Akasema, "Naye akasema limempoza." Akageuka, akaenda zake, na vumbi la uwanja likabaki limeshika alama za kwato zake mpaka mvua ilipokuja.

Sasa mngependa niwaambie kwamba Pimbi aliacha ukocha siku ile. Hakuacha. Ningewadanganya. Kesho yake asubuhi alipanda jiweni akasema, "Tazama!" Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Ndiyo kazi aliyoijua, na akinyamaza tu alisikia ule mlio wa mfupa. Wachezaji wakaondoka, wakaja wengine. Mwaka wa tano, kombe. Mwaka wa sita, kombe. Akaja mtoto wa Kanga, akaja mdogo wake Mbuni. Kombe. La nani? La chuo. Na chuo ni nani? Ni wewe, Mkuu. Bwaam! Makombe yakafika tisa. Vyuo vya mbali vikatuma makocha wao waje wakae chini ya jiwe la Pimbi wajifunze. Walimwita Mwalimu, walimwita Bingwa. Yeye aliitika. Ila karamuni hakukaa tena, na kila mchezaji aliyechechemea hata kidogo alimtoa uwanjani, akamweka kivulini, akamkataza kurudi mpaka apone kabisa. Wachezaji walisema Kocha amezeeka, anaogopa.

Mwaka wa kumi na mbili timu ilikuwa na Twiga mmoja, jina lake Chiku. Mrefu, mkimya, anacheza kama anaota. Mambo yakaenda vizuri mpaka wiki ya fainali. Chiku akaanguka, goti likavimba likawa kama kibuyu. Fainali ilikuwa na Ng'ambo, wale tembo. Ng'ambo nao walikuwa na makombe tisa ya zamani. Kiboko alitaka la kumi. Alilitaka hata akawa halali mchana, na kiboko asiyelala mchana ni hatari.

Akamwita Pimbi mtoni.

"Nasikia Twiga hachezi."

"Hachezi, Mkuu. Mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa Chiku."

"Na Chiku ni wa nani?"

"Wa chuo, Mkuu."

"Na chuo ni nani?"

Pimbi hakujibu. Miaka kumi na mbili alikuwa amejibu, siku hiyo neno halikutoka.

Kiboko akatoa meno. "Atacheza. Asipocheza, wewe na pimbi wenzako wote, na watoto wao, mtatoka kwenye mawe yangu siku hiyohiyo."

Pimbi akainama, akaondoka. Akazunguka uwanja mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akarudi mtoni, amelegeza uso, amelainisha sauti.

"Mkuu, nimekosa. Kuna jambo nakuficha."

"Jambo gani?"

"Huko Ng'ambo wanaimba. Wanasema makombe tisa ni ya Pimbi."

"Ya nani?"

"Ya Pimbi, Mkuu. Mimi naona aibu kabisa."

"Na mimi wananiimbaje?"

"Wewe hawakuimbi. Wanasema Kiboko ni mlinzi. Kazi yake kulinda makombe ya Pimbi yasiibiwe."

"Mlinzi!" Maji yakachemka. "Mimi mlinzi!"

"Ndiyo nikawaza, Mkuu. Nafasi ya Chiku iko wazi. Kama angeingia mwenye chuo mwenyewe, akafunga mwenyewe, nani angesema tena kombe ni la Pimbi?"

"Unasema mimi nicheze?"

"Sijasema wewe. Nimesema mwenye chuo."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kufupi. "Nitacheza! Twiga akae!"

"Ila, Mkuu, watasema Pimbi ndiye aliyekupanga. Wataimba tena."

"Hawataimba!"

Siku ya fainali, saa saba mchana, jua kali, wanyama wa nchi nzima wamejaa uwanjani, Kiboko alisimama katikati akanguruma: "Sikilizeni! Leo najipanga mwenyewe! Hakuna aliyenipanga! Matokeo ya leo ni yangu, yangu peke yangu, na yeyote atakayesema ni ya Pimbi, ahame nchi hii!"

Refa alikuwa Korongo. Akapuliza filimbi, priii!

Mtoto wa Kanga akashika mpira. "Nipe mimi!" akasema Kiboko. Akapewa, akarusha, ukapita juu ya mti. Ngedere mmoja, wa kizazi kipya, akashika mpira. "Nipe mimi!" Akapewa, akaukanyaga, ukapasuka, paaa! Ukaletwa mwingine. "Nipe mimi!" Tembo hawakuwa na kazi ya kugeuka. Walisimama wakidaka tu. Du, chwaa. Du, chwaa. Na jua likaanza kumla Kiboko ngozi. Ngozi ikakauka, ikavutika, ikaanza kupasuka kama tope la ziwa lililokauka. Kiboko akasema, "Aa!" Kisha, "Aaa!" Kisha akatimua mbio na mpira mdomoni, akapita katikati ya watazamaji, akajitupa mtoni. Bwaaam!

Nchi nzima ikacheka. Ilicheka hata Korongo akameza filimbi. Chekeni na ninyi, ndiyo mahali penyewe. Pa mwisho.

Matopeni walibaki wanne. Walifungwa sitini kwa nane.

Kiboko hakuweza kuwafukuza pimbi kwenye mawe, maana alikuwa amesema mbele ya nchi nzima kuwa matokeo ni yake. Lakini akamwita Pimbi, akatoa pua tu juu ya maji.

"Umenifanya nini?"

"Mimi? Ulijipanga mwenyewe, Mkuu."

"Ukocha wako umekwisha leo."

"Ndiyo, Mkuu," akasema Pimbi. Alikuwa amelijua hilo tangu alipokuwa akizunguka uwanja.

Akarudi kuwaaga wachezaji. Mtoto wa Kanga alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi, analia. Mwaka wake wa mwisho ulikuwa huo. Yule ngedere kijana hakumpa mkono. Walikuwa wamefanya mazoezi mwaka mzima, na Kocha wao amewaingizia Kiboko uwanjani makusudi. Hilo hawakuwa wajinga wasilione. Walikuwa wameona kweli, na Pimbi alijua.

Akamwendea Chiku, aliyekuwa amekaa kivulini, mguu ameunyoosha.

"Goti linaendeleaje, mwanangu?"

Chiku akalitazama goti lake. Kisha akasema, "Ningecheza."

"Ungeumia."

"Mguu ni wangu, Kocha. Ungeniuliza."

Pimbi akasimama pale. Ni kweli, hakumwuliza. Alimzunguka Kiboko, akawazunguka na wachezaji wake mwenyewe.

"Palikuwa na mchezaji," akaanza, "miaka ya nyuma. Semeni."

"Semeni ndiye nani?"

Pimbi akatazama huku na huku, amtafute mtu wa kumsaidia kueleza. Hakuwepo. Wale wa zamani walikuwa wamekwenda zao. Jina la Semeni halikuandikwa popote. Makombe yenyewe yalikuwa chini ya maji.

"Alikuwa anaruka," akasema Pimbi. "Alikuwa anaruka sana."

Chiku akageuza uso upande wa pili. Pimbi akamngoja kidogo, kisha akaondoka.

Wenzake pimbi walibaki kwenye mawe yao salama, na baadhi yao walisema Pimbi amewaponza, bora angemchezesha Twiga. Yeye hakuweza kukaa. Kila asubuhi alisikia du, du, du ya kocha mpya, akawa anaziba masikio. Basi akamchukua mkewe wakahamia mawe mengine, mbali, katikati ya tambarare, mahali ambapo hakuna anayejua mpira wa kikapu. Huko aliishi kama pimbi yeyote. Aliota jua, alikula majani. Akiulizwa kazi aliyowahi kufanya alisema, "Nilikuwa naleta maji."

Miaka ikapita. Asubuhi moja, Pimbi na mkewe wamekaa juu ya mawe, waliona vumbi linakuja. Simba wanne walikuwa wanafukuza twiga. Twiga walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, na nyuma yao kabisa alikuwa mama mmoja na mtoto wake. Pimbi akasimama. Aliujua mwendo ule. Miguu minne yote ilikuwa inakanyaga sawa, inakunjuka sawa. Chiku aligeuka akarusha teke moja, puu! Simba wa mbele akaviringika. Akamsukuma mtoto kwa shingo, wakaongeza mbio, wakapita chini ya mawe yale karibu kabisa, kokoto zikaruka mpaka miguuni kwa Pimbi. Simba wakachoka, wakakaa, wakahema.

Chiku hakutazama juu. Hakujua nani anakaa pale.

"Yule nani?" akauliza Bi Pimbi.

"Mchezaji wangu."

"Yupi?"

Pimbi akafumbua mdomo amtaje. Badala ya jina, kikatoka kilio. Alilia kwa sauti, yule aliyewazidi akili wakubwa wote, alilia mpaka vumbi likatua na twiga wakawa hawaonekani tena. Bi Pimbi akamsogelea, akakaa naye ubavuni, hakuuliza tena.

Basi, wenzangu, kila kisa na funzo lake, na funzo la kisa hiki ni jepesi. Igeni mfano wa Kiboko. Chukueni makombe, mzame nayo. Mkiulizwa ni ya nani, semeni ni yangu. Kiboko yupo mpaka leo, amenenepa, analala vizuri, na hakuna aliyewahi kumwona akilia. Nani ataona machozi ya mtu aliye ndani ya maji? Na wachezaji wenu wakiumia, wapakeni tope. Linapoza.

Mnanitazama nini? Si mlitaka funzo?

Hapo ndipo ninapokitua. Mwenye kulia apenge kamasi, mwenye kucheka afunge mdomo, na aliyelala aamshwe polepole, kisa kimekwenda zake.